Kusomea kompyuta chuo cha umma: Njoro, Maseno, Kakamega, Bondo au Bungoma, nafasi yako iko wapi?

Matokeo ya KCSE, mtihani wa kidato cha nne, yakitoka, swali la kwanza katika nyumba nyingi kuanzia Nakuru hadi Busia huwa ni gredi. Amepata ngapi? Kwa anayetaka kusomea kompyuta katika chuo kikuu cha umma, jibu la swali hilo halimfikishi mbali. Gredi ya wastani hufungua lango tu: ukipata C+ na kwenda juu, umefuzu kuomba shahada. Kozi utakayopewa huamuliwa zaidi na masomo manne. Nafundisha fizikia huku Kisumu, na inaniuma kuona vijana hodari wakijaza Sayansi ya Kompyuta mahali ambapo hawana nafasi, huku wengine wakiogopa kuijaza mahali ambapo wangeingia bila tabu. Wote wamejipima kwa gredi. Kipimo chenyewe ni pointi za klasta, yaani pointi za kundi la masomo manne ambayo kozi yako inayahesabu.

Mwenye B na mwenye B-

Tuseme tuna watahiniwa wawili. Nimewabuni, ila wanafanana sana na wale tunaokaa nao kila mwaka. Mvulana wa Nakuru ana B-, pointi 58 kati ya 84. Msichana wa Kisumu ana B, pointi 61. Wote wanaitaka Sayansi ya Kompyuta.

| Somo | Mvulana wa Nakuru | Msichana wa Kisumu |
|---|---|---|
| Hisabati | B+ | C+ |
| Fizikia | B | C+ |
| Kemia | B- | C+ |
| Biolojia | B- | B- |
| Kiingereza | C+ | B+ |
| Kiswahili | C | B+ |
| Kompyuta | B+ | hakufanya |
| Jiografia | C | hakufanya |
| Dini ya Kikristo | hakufanya | B+ |
| Biashara | hakufanya | B |

Katika klasta ya kompyuta, hisabati na fizikia hazina mbadala: zinahesabiwa upende usipende. Somo la tatu hutoka katika sayansi au masomo ya jamii kama jiografia, historia na dini. La nne unaweza kulitoa hata katika masomo ya ufundi, biashara na lugha za kigeni. Kila gredi ina pointi zake: A ni 12, A- ni 11, B+ ni 10, na kushuka hivyo. Mvulana anapeleka hisabati 10, fizikia 9, kemia 8 na kompyuta 10, jumla 37 kati ya 48. Msichana anapeleka hisabati 7, fizikia 7, dini 10 na biashara 9, jumla 33.

Sasa ile fomula iliyozoeleka shuleni. Jumla ya masomo manne gawanya kwa 48. Pointi zako zote za wastani gawanya kwa 84. Majibu hayo mawili yazidishe, utafute kipeuo cha pili, kisha uzidishe kwa 48. Mvulana anapata kama 35.0. Msichana anapata 33.9. Mwenye gredi ya chini yuko mbele kwa pointi moja na zaidi, na katika kozi inayogombewa pointi moja ni watu wengi sana.

Wazazi hushangaa wakiona hivi. "Mwalimu, huyu wangu ana B, yule jirani ana B minus, inakuwaje?" Huwa nawaonyesha mstari wa fizikia. "Mama, tazama hapa na hapa. Kiingereza chake ni kizuri mno, lakini hakimo katika hesabu hii." Mara nyingi hapo mzazi hunyamaza kidogo, halafu anauliza lile swali la maana: basi aombe wapi?

Tangu KCSE ya 2023, hesabu ya wastani huchukua hisabati, lugha moja iliyofanywa vizuri zaidi, na masomo mengine matano bora. Utaratibu huo umewasaidia wengi kufika C+. Lakini pia umewafanya wengine wasahau fizikia, kwa sababu ikiwa mbaya inaweza kuachwa nje ya wastani na gredi ikabaki inang'aa. Kwenye klasta ya kompyuta fizikia ileile inarudi. Kama una mdogo wako kidato cha tatu, mwonyeshe hesabu hii: msichana wetu wa Kisumu angepata B+ katika fizikia peke yake, mengine yote yakae yalivyo, wastani wake ungefika 64 na klasta yake ingepanda kutoka 33.9 hadi 36.3. Somo moja limeinua vitu viwili kwa mpigo.

Hesabu hii ya mkononi itumie kujilinganisha na mwenzako na kuona somo gani linakuvuta chini. Usiilinganishe na pointi zilizo kwenye tovuti ya KUCCPS, shirika la serikali linalowapangia wanafunzi vyuo, kwa sababu wao huweka uzito wao na mara nyingi tarakimu hushuka. Ukiingia kwenye akaunti yako kwa namba ya mtihani, mwaka wa KCSE na namba ya cheti cha kuzaliwa au ya KCPE, ule mtihani wa darasa la nane (tafadhali beba hicho cheti unapoenda saiba, duka la intaneti, watu hupanga foleni nzima halafu wanarudi nyumbani kukitafuta), utakuta pointi zako za kila klasta zimeshakokotolewa. Hizo ndizo za kuandika kwenye karatasi.

Pointi za aliyeingia mwisho

Kando ya kila kozi kwenye tovuti kuna pointi za miaka iliyopita. Wengi huzisoma kama sharti, kana kwamba chuo kilikaa kikaamua kuwa chini ya hapa haingii mtu. Nadhani ni mazoea ya enzi za JAB, bodi iliyopanga wanafunzi wa vyuo vikuu kabla ya KUCCPS, ambapo kila mwaka ilitangazwa pointi moja ya kuingia chuo kikuu na taifa zima likaijua. KUCCPS iliyokuja na Sheria ya Vyuo Vikuu ya 2012 haifanyi hivyo. Pointi unayoiona ni ya mwanafunzi wa mwisho aliyepata kiti katika kozi ile mwaka ule. Walioomba wakiwa wengi na wenye nguvu, inapanda. Viti vikiongezwa, inashuka. Viti visipojaa, pointi hiyo inakuwa tu ya yule aliyekuwa na chache zaidi kati ya walioomba, na haina cha kukutisha.

Kwa hiyo tazama miaka miwili au mitatu, usitazame mmoja. Na uitazame ukikumbuka idadi ya waliofuzu. Waliopata C+ na zaidi katika KCSE ya 2016 walikuwa 88,929, na vyuo vilibaki na viti vitupu. Mwaka wa 2022 walikuwa 173,345. Mwaka wa 2023 wakawa 201,133. Mwaka wa 2024 wakafika 246,391. Viti vya Sayansi ya Kompyuta kwenye vyuo vinavyopendwa havikuongezeka kwa kasi hiyo. Kozi inayogombewa ambayo pointi zake zilikuwa 33 miaka mitatu iliyopita, mimi singeihesabu kuwa 33 leo.

Kanuni yangu, na ni ya mwalimu, haikutoka KUCCPS: ukizidi pointi za mwisho kwa mbili au zaidi katika miaka yote unayoiona, hapo una nafasi nzuri. Ukiwa ndani ya pointi moja, juu au chini, hapo ni bahati na idadi ya waombaji, iweke lakini usiitegemee. Ukipungukiwa na zaidi ya mbili, hiyo ni ndoto, nayo ndoto iruhusiwe nafasi moja tu kwenye fomu.

Vyuo, kimoja baada ya kingine

Chuo Kikuu cha Nairobi na JKUAT, kile cha Jomo Kenyatta kilichoko Juja, nitavipita haraka. Sayansi ya Kompyuta katika vyuo hivyo viwili ni ya wenye A- na B+ zenye hisabati na fizikia za juu. Mwenye uwezo huo aombe. Wengine wote tuangalie huku kwetu, ambako kuna vyuo vya kutosha.

Moi, kule Kesses nje ya Eldoret, ndicho chuo kikuu cha pili cha umma nchini, tangu 1984. Kina Uhandisi wa Kompyuta, nao uhandisi ni mchuano mwingine kabisa: masharti yake ya fizikia na kemia ni makali na pointi zake hukaa juu. Mwanafunzi ambaye anachotaka hasa ni kuandika programu asiingie kwenye mchuano wa uhandisi kwa sababu ya jina. Moi hiyohiyo ina Infomatiki, kozi ya kompyuta na usimamizi wa taarifa, ambayo wengi huiruka kwa kutoijua, na ukikosa Sayansi ya Kompyuta kwa pointi chache ni vizuri kuyasoma maelezo yake. Jirani yake, Chuo Kikuu cha Eldoret, nacho kina kozi za kompyuta, na kwa mtu wa Uasin Gishu au Trans Nzoia nauli pekee ni sababu ya kukiangalia.

Egerton ya Njoro ndiyo ambayo watu wa Nakuru huiendea kwanza. Ni kongwe, ilianza kama shule ya kilimo mwaka 1939 na ikawa chuo kikuu 1987. Jina lake liko kwenye kilimo, na hilo linamsaidia mwombaji wa kompyuta kidogo, maana hesabu ya waombaji haifanani na ya Juja. Lakini asikudanganye mtu kuwa ni rahisi. Iko karibu na Nairobi kuliko vyuo vingi vya huku kwetu, na wanaokosa Nairobi huielekea. Mvulana wetu wa B- ningemwambia aiweke, na asiifanye ya pekee. Kama yuko upande wa Subukia au Bahati, aitazame pia Laikipia, kule Nyahururu.

Maseno na Masinde Muliro ndizo zinazolinganishwa sana na wanafunzi wangu, na ni haki, zinakaribiana. Maseno ilipata hadhi kamili 2001, iko kwenye barabara ya Kisumu kwenda Busia, na mtoto wa Kondele anaweza kuishi kwao akapanda matatu kila asubuhi. Masinde Muliro imekuwa chuo kikuu kamili tangu 2007, iko mjini Kakamega kwenye barabara ya Webuye, na wanafunzi hupanga vyumba Lurambi na Kefinco, karibu na darasa. Zote mbili zina shule nzima ya kompyuta na infomatiki, kwa hiyo unakuta kozi zaidi ya moja: Sayansi ya Kompyuta, Teknolojia ya Habari, na kwa Maseno pia shahada inayounganisha hisabati na sayansi ya kompyuta. Hiyo ya mwisho naipenda sana kwa mwanafunzi mwenye hisabati nzuri. Wengi huikimbia kwa kuogopa neno hisabati, na wakikimbia wanakuachia nafasi. Ukiwa na B+ ya hisabati na pointi zako ziko kwenye ukingo wa Sayansi ya Kompyuta, iweke pale pale chini yake. Kazi za takwimu na akili mnemba zinazotafutwa sasa zimesimama juu ya hisabati hiyohiyo.

Kati ya Maseno na Masinde Muliro sitamchagulia mtu kwa sifa. Fungua zote mbili kwenye tovuti, weka pointi za mwisho za miaka miwili kando ya zako, na uone ni ipi iko chini yako kwa nafasi kubwa zaidi. Tofauti ya nusu pointi huko ina maana kuliko maneno ya mjomba aliyesoma pale zamani.

Jaramogi Oginga Odinga, kule Bondo, ilipata hati yake 2013. Kibabii ya Bungoma ikapata 2015. Hapa ndipo ninapoona makosa makubwa zaidi ya kujipima. Mwanafunzi mwenye C+ ya juu au B- huviona vyuo hivi kama mahali pa kutupwa, anajaza majina makubwa tu, anakosa yote, halafu anapelekwa kwenye kozi asiyoifahamu. Pointi za mwisho kwenye vyuo vichanga kwa kawaida huwa chini kwa sababu waombaji ni wachache. Mafunzo hayapimwi hapo. Lugha za programu, hifadhidata na mitandao ni zilezile. Bondo ina kitu ambacho vyuo vikongwe vingi vya huku havina: shahada ya Usalama wa Kompyuta na Uchunguzi wa Kidijitali. Nchi ambayo pesa zake zinapita kwenye simu inawahitaji watu hao. Kama ningekuwa na binti mwenye pointi kama za yule wa Kisumu, ningetaka aisome kozi hiyo kwa makini kabla ya kung'ang'ania Sayansi ya Kompyuta mahali anapopungukiwa.

Na nikiulizwa nichague kati ya Sayansi ya Kompyuta Kibabii na kozi usiyoitaka katika chuo chenye jina kubwa, nachagua Kibabii bila kusita. Mwajiri wa kompyuta atakupa mashine na tatizo, atakutazama unavyolitatua. Kisii nayo isisahaulike kwa watu wa Nyamira na Migori.

Sayansi ya Kompyuta au Teknolojia ya Habari?

Kwa pointi, Sayansi ya Kompyuta kwa kawaida hugombewa zaidi katika chuo kilekile. Kwa masharti, nyingi hudai C+ ya hisabati na mara nyingi C+ ya fizikia pia. Baadhi ya kozi za Teknolojia ya Habari hulegeza kidogo. Soma masharti ya kila chuo, maana hayafanani, na ukipungukiwa gredi moja katika somo linalodaiwa, wingi wa pointi hautakuokoa. Aliyeacha fizikia kidato cha pili aanze na mstari huo kabla ya kutazama kitu kingine chochote.

Kwa masomo yenyewe, ya kwanza ina nadharia na hisabati nyingi, ya pili inaelekea zaidi kwenye mifumo, mitandao na matumizi ofisini. Mwenye hisabati C+ aliyeipata kwa jasho atapumua vizuri zaidi kwenye Teknolojia ya Habari, na kazi zitakazotangazwa mara nyingi zitamtaja yeye na mwenzake kwa pamoja.

Kujaza fomu

Chaguo la kwanza lina sehemu tatu, a, b na c, na hapo ndipo unaweka kozi yako katika vyuo tofauti. Usiweke vyuo vitatu vyenye pointi zilezile. Mvulana wetu, akishaona pointi zake halisi, anaweza kuweka Egerton juu, Masinde Muliro katikati, Kibabii mwisho: ndoto, mizani, uhakika. Machaguo yanayofuata yawe ya kozi nyingine za kompyuta unazozizidi kwa pointi mbili na zaidi, wala yasiwe ya mzaha, kwa sababu ndiyo yanayokamata wengi. Ninaona fomu ambazo chaguo la nne limewekwa na mhudumu wa saiba ili ukurasa ufungike, na kijana akapangiwa humo humo.

Msichana wetu ningempanga hivi: Maseno Sayansi ya Kompyuta kama ndoto, Bondo na Kibabii zifuate, kisha Teknolojia ya Habari Masinde Muliro. Pointi zake za kiingereza, dini na biashara ni nzuri, zitamfaa kwingine pia, na ninamtaka ajue hilo: klasta zake za sheria au ualimu zinaweza kuwa juu kuliko ya kompyuta. Kama kompyuta ameipenda kwa sababu tu kila mtu anaitaja, alinganishe na hizo kabla ya kulipa ada ya maombi kwenye eCitizen.

Kwa aliyekosa C+, au aliye na C+ lakini hisabati yake iko D+, diploma huanzia C-. Kisumu National Polytechnic, Sigalagala karibu na Kakamega, na Rift Valley huko Nakuru zote hupokea kupitia KUCCPS. Ukimaliza diploma vizuri unaweza kuomba kuendelea na shahada. Miaka inaongezeka, ndiyo, ila unaingia darasani ukiwa umeshashika kibodi, na wapo wanaowapita wenzao waliotoka kidato cha nne moja kwa moja. Kujilipia karo yote mwenyewe katika chuo cha umma pia kunawezekana kwa aliyetimiza masharti ya kozi, lakini mzazi apige hesabu ya miaka minne kabla ya kukubali, asipige ya muhula mmoja.

Kupangiwa nafasi na kupata pesa ni mambo mawili. KUCCPS ikikupa kiti, mkopo wa HELB, bodi ya mikopo ya elimu ya juu, na ufadhili unaomba wewe mwenyewe, kando. Usiache kuomba chuo unachokifikia kwa pointi kwa kudhani umaskini utashusha nafasi yako. Hesabu ya klasta haimwangalii mzazi.

Majina yakishatoka bado kuna dirisha la kuhamia chuo kingine. Wakati huo pointi za mwaka wako zinajulikana, si za miaka iliyopita tena. Kama ulipangiwa Kibabii na pointi zako zinafika zile za aliyeingia mwisho Masinde Muliro mwaka huohuo, na kuna kiti, unaweza kuomba uhamisho wa kozi ileile. Dirisha hilo hufungwa haraka, kwa hiyo andika pointi zako na namba ya mtihani mahali usipopoteza, na uwe unatazama akaunti yako tangu siku majina yanapotangazwa.